Picha za Kinshasa 1974: Zilikuwapo au Hazikuwapo?

Makala haya yametokana na ubishi wa barazani, pale kwetu Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje. Nimekua nikiwasikiliza wazee wawili wakivutana juu ya jambo moja, miaka nenda miaka rudi. Mmoja ni babu yangu, ambaye katika miaka ya 1970 alikuwa utingo wa malori yaliyopita Tunduma kwenda Zambia na Zaire. Wa pili ni jirani yetu, mwalimu mstaafu. Babu alishikilia kwamba lile tamasha kubwa la muziki la Kinshasa la mwaka 1974 lilipigwa picha za sinema, na kwamba Franco na Tabu Ley wamo. Mwalimu alijibu kwa swali lile lile: "Kama zipo, ziko wapi?"

Mtu anaweza kusema hizo ni porojo za wazee. Mimi naona humo mna somo juu ya ushahidi wa mdomo ambalo sisi wanafunzi wa fasihi simulizi hulipitia haraka haraka tukiwahi mtihani.

Tuanze na yale yasiyobishaniwa. Tamasha lilifanyika tarehe 22 hadi 24 Septemba 1974 katika Uwanja wa 20 Mei, Kinshasa. Upande wa muziki waandaaji walikuwa Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, na rafiki yake Mmarekani, Stewart Levine. Lilipangwa liende sambamba na pambano la ngumi kati ya Muhammad Ali na George Foreman. Siku chache kabla, Foreman akachanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa mpaka 30 Oktoba. Tamasha halikungoja. Walipanda jukwaani James Brown, B.B. King, Bill Withers, Celia Cruz na Fania All-Stars, pamoja na Miriam Makeba. Na wenyeji hawakukosa: Franco na T.P. O.K. Jazz, Tabu Ley Rochereau na Afrisa, Abeti Masikini na wengineo.

Kamera zilikuwapo. Mwongozaji Leon Gast alikwenda na wapiga picha kwa nia ya kutengeneza filamu ya tamasha. Lakini fedha za shughuli ile zilitoka kwa wawekezaji wa Liberia, na baada ya ngoma kuisha zikazuka kesi na madai. Mikanda ikafungiwa. Filamu iliyotokana nayo, When We Were Kings, ilitoka mwaka 1996, yaani miaka 22 baadaye, na mwaka 1997 ikapata tuzo ya Oscar. Kumbe ilikuwa filamu ya Ali! Ngumi ndiyo hadithi, muziki umewekwa pembeni. Nasikia Mwalimu, alipoiona kwenye kibanda cha video Tunduma, alirudi amejaa ushindi: "Nimeona ngumi, bwana. Magitaa ya Wakongo ndiyo sikuyaona vizuri."

Mwaka 2008 Jeffrey Levy-Hinte, aliyekuwa mmoja wa wahariri wa filamu ile, alirudi kwenye mikanda iliyobaki akatengeneza Soul Power, na hii sasa ikawa filamu ya muziki wenyewe. Tabu Ley yumo, O.K. Jazz wamo, ingawa sehemu kubwa wamepewa Wamarekani. Mwaka 2017 ndipo ilipotolewa albamu ya wanamuziki wa Kiafrika peke yao, baada ya miaka 43. Wakati huo Franco alikuwa amekwisha fariki tangu 1989, Abeti tangu 1994, na Tabu Ley tangu 2013.

Basi babu alishinda? Taratibu kwanza.

Hatuna budi kumtendea haki Mwalimu. Mwaka 1974 Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ilianza mwaka 1994. Watu wa Ileje waliijua Kinshasa kwa sikio, kupitia Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa midomo ya watu wa malori. Katika hali hiyo, mtu anayedai ushahidi wa macho anafanya kazi ya msomi. Isitoshe, babu hakufika Kinshasa hata siku moja. Malori yao yaliishia Lubumbashi, na kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya kilometa 1,500. Dai lake ni kwamba aliziona picha hizo kwenye televisheni ya baa moja ya Lubumbashi.

Sasa tumtazame babu kama fanani. Nimesikia masimulizi yake mara nyingi kiasi cha kuyalinganisha. Nilipokuwa mdogo, baa ilikuwa na watu kumi hivi. Nilipofika sekondari, walikuwa wamejaa mpaka dirishani. Wapiga gitaa wa Franco nao waliongezeka. Mahali pawili hapakubadilika kamwe: kwamba Tabu Ley alikuwa anacheza huku akiimba, na kwamba mtu wa baa aliizima televisheni kabla ya kipindi kwisha, wakanung'unika. Hadhira ikicheka, fanani hunogesha. Hilo ni la kawaida katika utanzu huu. Lakini yale yasiyobadilika ndiyo yanayostahili kuchunguzwa, maana hayamletei msimulizi sifa yoyote. Nani atunge uongo kuhusu televisheni kuzimwa?

Likizo iliyopita nilikwenda nyumbani nikiwa na Soul Power kwenye simu. Niliwaita wote wawili. Babu alitazama kimya, kioo karibu na uso. Alipotokea Tabu Ley aliinua kidole, hakusema neno. Mwalimu ndiye aliyevunja ukimya: "Mzee mwenzangu, nakubali. Picha zipo. Lakini kuwapo kwa picha ni jambo moja, na wewe kuziona mwaka ule ni jambo lingine." Nilitegemea babu awake. Akajibu kwa upole: "Mwalimu, umeniita mwongo miaka yote hii kwa hilo la kwanza. Hilo la pili leo ndiyo unaanza kuuliza."

Nadhani hapo ndipo kiini cha makala haya kilipo. Wazee hawa walikuwa na maswali mawili wakayafunga kamba moja. La kwanza, kama kamera zilipiga picha, linajibiwa na mkanda. La pili, kama babu aliona, linajibiwa na babu tu, kwa kumsikiliza na kumpima. Kwa kuwa la kwanza lilikosa jibu, la pili likahukumiwa bila kusikilizwa. Na jibu la kwanza lilikosekana kwa sababu mikanda ilikuwa chini ya wenye fedha, mbali na walioimba na walioshangilia. Yale yale yalitokea Harlem, Marekani: tamasha la mwaka 1969 lilipigwa picha, sehemu kubwa ya mikanda ikakaa nusu karne bila kutazamwa, hadi filamu ya Summer of Soul ilipotoka mwaka 2021. Waliohudhuria hawakuwa wameota.

Tusidhani hili ni la Wakongo na Wamarekani. Mwaka 1970 Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz walikwenda Osaka, Japani, kupiga kwenye maonyesho ya Expo 70. Mbaraka alikufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Swali la Mwalimu linatuhusu hapo: picha ziko wapi? Zitafutwe. Lakini wakati zinatafutwa, wapo wazee wanaokumbuka bendi ile iliporudi, na hao hawatatungoja miaka 43.

Ushauri wangu kwa wanafunzi wenzangu ni mdogo. Ukienda kukusanya masimulizi, gawa ukurasa sehemu tatu: aliyoyaona, aliyoyasikia, aliyoambiwa. Rudi tena baada ya miezi, uandike upya, ulinganishe. Mimi nimeanza na babu. Nilipomuuliza jina la baa ile ya Lubumbashi alilitaja papo hapo, na Mwalimu, aliyekuwa amekaa pembeni, akaomba kalamu akaliandika.