Farumi ya Mchanga: Jinsi Funza Alivyovuka Bahari

Ukitoka Buxton kwa miguu kuelekea Mji wa Kale utafika Bandari ya Kale, ambako kwa karne nyingi majahazi yalipakia na kupakua mali. Waulize wazee wa kazi ya bahari, nao watakuambia kwamba chombo kitupu ni chombo cha hatari. Kisipokuwa na shehena huelea juu juu kama kifuu cha nazi, na wimbi likikipiga ubavuni hupinduka. Kwa hiyo nahodha asiyepata mzigo hutia mawe au mchanga ndani ya ngama ili chombo kitulie. Mzigo huo huitwa farumi. Farumi haina bei, wala mfanyabiashara haiandiki katika daftari lake. Chombo kikifika kiendako, hutupwa pwani tu. Katika insha hii nataka kukuonyesha, msomaji, jinsi mchanga huo usio na thamani ulivyoleta taabu ambayo mpaka leo haijatutoka.

Mdudu aliyefichwa na mchanga huo ni funza, ambaye sehemu nyingi za Tanzania huitwa tekenya. Usimdhanie kuwa ni yule buu wa nyama iliyooza, ingawa jina ni moja. Funza tunayemsema hapa ni jamaa ya kiroboto, tena ni mdogo sana, kwani urefu wake ni kama milimita moja. Dume na jike hunyonya damu kama viroboto wengine. Lakini jike huyu ana tabia yake ya pekee: huingia katika ngozi ya mtu au mnyama, hasa chini ya kucha, kisiginoni na katika nyayo, akabakiza nje ncha ya nyuma tu. Hapo hutuna mpaka awe sawa na punje ya mbaazi. Kwa tundu la ncha hiyo huvuta pumzi, na kwa ncha hiyo hiyo hutaga mayai mia moja au zaidi, kisha hufa mle mle ngozini. Mayai huanguka chini. Yakikuta mchanga mkavu au vumbi lenye kivuli, huanguliwa katika siku chache, na baada ya majuma matatu au manne funza wapya huwa tayari. Basi mgonjwa mmoja hupanda ugonjwa kila anapokanyaga, kama mkulima apandavyo mtama.

Asili ya funza ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi. Wenyeji wa huko walimjua tangu zamani, na Mhispania Gonzalo Fernández de Oviedo alieleza habari zake katika kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1526. Kwa zaidi ya miaka 300 baadaye, hata kama alipata kuvushwa bahari mara moja moja, hakuenea katika Afrika. Lakini mwezi wa Septemba 1872 meli ya Kiingereza iliyoitwa Thomas Mitchell ilifika Ambriz, katika pwani ya Angola, ikitoka Rio de Janeiro. Farumi yake ilikuwa mchanga wa Brazili, na mchanga huo ukamwagwa pwani kama ilivyokuwa desturi. Hapana aliyeutazama mara ya pili. Watu na wanyama waliopita juu yake wakaondoka na wageni katika nyayo zao.

Pengine utauliza: mdudu asiyeweza kuruka mbali aliwezaje kulipita bara zima? Jibu ni kwamba alichukuliwa. Miaka ile njia za bara zilijaa watu kuliko zamani: wafanyabiashara wa pembe, askari, wamisionari, na zaidi ya wote wapagazi. Mpagazi alitembea miguu mitupu, na usiku alilala chini katika kambi ile ile iliyolaliwa na msafara wa jana. Aliyeingia kambini mzima alitoka na funza, akawaacha wengine katika kambi ya mbele. Mfano wa safari za namna hiyo ni msafara wa Henry Morton Stanley, ulioanza katika mlango wa Mto Kongo mwaka 1887 na kufika Bagamoyo Desemba 1889. Njia iliyomchukua mtu kutoka bahari moja hata bahari nyingine ilimchukua na funza pia.

Alipofika nchi za Ziwa Viktoria, funza aliwakuta watu wasiomjua. Wazee hawakuwa na neno la kuwafundisha vijana juu yake, wala mama hakujua kwamba yafaa kutazama nyayo za mtoto kila jioni. Msafiri wa Austria, Oscar Baumann, aliyezunguka nchi hizo mwaka 1892 na 1893, aliandika habari za kusikitisha kutoka Uzinza, kusini ya ziwa. Aliona watu walioharibika viungo, na vijiji vilivyoshindwa kuvuna mashamba yao kwa sababu ya mdudu huyu. Kumbuka kwamba katika miaka hiyo hiyo sotoka ilikuwa imekwisha kuua ng'ombe wengi wa Afrika ya Mashariki. Aliyepoteza ng'ombe wake alibaki na jembe tu, na asiyeweza kusimama hawezi kushika jembe.

Mwisho wa safari hiyo ulikuwa pwani yetu. Mwaka 1896 reli ya Uganda ilianza kujengwa kutoka Mombasa, ikafika Kisumu Desemba 1901. Kwa kazi hiyo waliletwa vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Walikaa katika mahema na kulala chini, na wengi waliangushwa na malaria, vidonda vya miguu na funza. Mwaka 1899 funza akaonekana Bombay, katika miguu ya watu waliorejea kutoka Afrika ya Mashariki, ingawa huko hakuota mizizi kama alivyoota kwetu. Hebu hesabu mwenyewe: tangu 1872 hata 1899 ni miaka 27 tu. Katika muda huo mdudu wa milimita moja alikuwa amelivuka bara la Afrika, akapanda chombo na kuingia bahari ya pili.

Si funza peke yake atumiaye mlango huo wa nyayo. Mwaka 1898 Arthur Looss, mtaalamu Mjerumani aliyefanya kazi Cairo, alitangaza jambo ambalo wengi walilikataa kwanza. Maji yenye watoto wa minyoo ya safura yalikuwa yamemdondokea mkononi, na baadaye akagundua kwamba minyoo ile imeingia mwilini mwake kwa kupenya ngozi. Tangu hapo tumejua kwamba ardhi iliyochafuliwa na kinyesi humdhuru mtu pasipo yeye kula wala kunywa kitu. Hata mchanga mweupe wa pwani, mahali ambapo maji ya bahari hayafiki, ukichafuliwa na mbwa na paka waweza kubeba minyoo yao. Watoto wa minyoo hiyo hutambaa chini ya ngozi ya mtu na kuacha mistari yenye kuwasha. Wageni waliotembea miguu mitupu katika fukwe zetu wamerudi Ulaya na ugonjwa huo.

Huenda wewe unayekaa Buxton, katika nyumba yenye sakafu ya saruji, ukafikiri kwamba hayo ni mambo ya kale. Sivyo. Vuka maji uende Kilifi au Kwale, nawe utakuta watoto waendao kwa visigino kwa sababu vidole vyao vimejaa funza. Uchunguzi uliofanywa katika Kaunti ya Kilifi umeonyesha kwamba taabu hii hufuata nyumba zenye sakafu ya udongo na watu wanaooga pasipo sabuni. Mtoto wa namna hiyo hawezi kucheza mpira. Darasani huchekwa, na baada ya siku chache haji tena. Wako wasemao kwamba amelaaniwa, na wako wasemao kwamba kwao ni wavivu. Hapa ndipo elimu ya historia ina faida. Funza hakuletwa na laana ya ukoo wo wote, bali aliletwa na meli yenye jina na mwaka unaojulikana. Wala hawi mwingi kwa uvivu, ila kwa mchanga mkavu usiozibwa sakafu na maji yaliyo mbali na mlango.

Dawa yake basi si aibu. Sakafu ipigwe saruji, au kama fedha hazipo, inyunyizwe maji na kufagiwa kila siku. Miguu ioshwe kwa sabuni na ivishwe viatu. Mbwa, paka na mbuzi watazamwe, maana nao huingiwa na funza. Mtu asitolewe funza kwa sindano au pini iliyotumiwa na mwingine, kwa kuwa huko ndiko kunakopitia homa ya ini na UKIMWI. Na kidonda chake chaweza kuingiza pepopunda. Yako mafuta yaitwayo dimetikoni, yaliyojaribiwa hapa Kenya, ambayo huziba pumzi ya funza akafa pasipo kudungwa mtu.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwaka 1872 ufa ulikuwa chungu moja ya mchanga katika pwani ya Ambriz. Leo ufa ni sakafu ya jirani mmoja. Jirani huyo akiachwa peke yake, mchanga wa uwanja wake utakuwa mchanga wa kijiji chote, kwa maana watoto hucheza pamoja. Kwa hiyo ukimwona mwenzako anachechemea, usimcheke. Msaidie kuosha miguu, kisha mwende pamoja kumwambia mwalimu.