Mkate Uliokataa Kuumuka: Jiko la Kariakoo Katika Miaka ya Shida



Kila msimu wa harusi ukifika, malalamiko ya maharusi ni yale yale. Keki imezama katikati. Mkate wa kumimina umeungua chini na juu bado mbichi. Mwasmini uliopandwa kwenye kopo umekauka. Paa linavuja, na mume hajui hata msumari unapigwa vipi. Biharusi analia, anaona ameaibika mbele ya wakwe.

Leo hatutoi mapishi. Tunataka tuwapeleke Kariakoo, Dar es Salaam, tuwaangalie mama zetu na bibi zetu walivyopika, walivyopanda na walivyotengeneza nyumba zao katika miaka ya 1970 na 1980. Wao nao mikate iliwagomea, tena mara nyingi, lakini chanzo cha makosa hakikuwa mikono yao. Na katika makosa yale walijifunza kazi ambayo leo wengi wetu tunaiita biashara.

Wengi wetu wa visiwani tunaijua njia. Boti ikiingia kwenye mlango wa bandari, Kigamboni iko kushoto na Magogoni iko kulia: soko la samaki, kivuko, na Ikulu yenye bustani zake. Ukishuka bandarini na kuelekea magharibi, unavuka viwanja vya Mnazi Mmoja, halafu unaingia Kariakoo. Jina lenyewe ni la vita. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, wapagazi wa jeshi, waliojulikana kwa Kiingereza kama Carrier Corps, waliwekwa hapo, na ulimi wa Kiswahili ukaligeuza jina likawa Kariakoo. Kwa hiyo mtaa huu na Ikulu ya Magogoni vimekaa karibu sana. Amri iliyotolewa upande mmoja ilichelewa kidogo tu kufika kwenye sufuria za upande wa pili.

Nyumba ya Kariakoo ilikuwa nyumba ya Kiswahili tuijuayo sote: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani nyuma. Kuta zilikuwa za miti na udongo, paa la makuti. Baadaye watu waliezeka kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyokatwa na kunyooshwa, kisha mabati. Wanawake wengi walimiliki nyumba hizi, wakapangisha vyumba na kula kodi yao. Huko uani ndiko kulikokuwa na jiko, choo, kamba za kuanikia nguo, na mazungumzo yote ya nyumba.

Huko ndiko mkate ulikopikwa. Wengi hawakuwa na oveni. Sufuria iliwekwa juu ya mkaa, ikafunikwa kwa kifuniko au kipande cha bati, na makaa mengine yakapaliwa juu yake. Anayepika namna hii anajua kwamba kazi yote iko kwenye kuugawa moto. Makaa ya chini yakizidi, mkate unaungua kitako kabla tumbo halijaiva. Ya juu yakizidi, uso unakauka na kupasuka. Mkate wa kumimina una mtihani wake mwingine: mchele ulowekwe, usagwe, uchanganywe na tui, sukari, iliki na hamira, halafu usubiriwe uumuke. Tui likiwa la moto sana, hamira inakufa. Likiwa baridi, utasubiri mpaka adhana ya Alasiri. Haya biharusi wa zamani aliyajifunza kwa kuunguza, huku mama mkwe au shangazi amekaa kibarazani akitazama na kusahihisha.

Mpaka hapo makosa ni ya jikoni. Sasa tuone ya nchi.

Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967, na serikali ikashika benki, viwanda na biashara kubwa. Nia ilikuwa kwamba mali ya nchi imfikie kila mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Dar es Salaam ilijengewa kiwanda kikubwa cha mikate chenye mitambo, kwa msaada wa Kanada. Mwaka 1975 Kariakoo ikapata soko jipya, kazi ya mbunifu Mtanzania Beda Amuli, lenye paa la maumbo kama miavuli iliyopinduliwa. Mama wa mjini aliona mambo mazuri yanakuja: mkate wa kununua, na soko lenye nafasi.

Lakini ukame wa 1973 na 1974 ulipunguza mavuno, na bei ya mafuta duniani ikapanda. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka ya kufunga maduka ya watu binafsi na kuweka ya ushirika. Operesheni hiyo ilisitishwa mapema, lakini maduka mengi yalikuwa yamekwisha fungwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Oktoba 1978 Idi Amin akavamia Kagera, na vita ikala fedha za kigeni zilizokuwapo. Nchi isiyo na fedha za kigeni haiagizi ngano wala vipuri, na kiwanda cha mikate, hata kiwe kipya vipi, hakiwezi kuoka bila vitu hivyo.

Kuanzia hapo ndipo lilipoanza neno ambalo wazee wetu wakilitaja hutikisa kichwa: foleni. Sukari ni foleni, sabuni ni foleni, unga, mchele, mafuta ya kupikia na khanga vilevile. Vitu vilipitia mashirika ya serikali hadi maduka ya kaya, na familia ilipata kiasi ilichogawiwa. Watu waliamka kabla ya Alfajiri kuwahi nafasi, na aliyelazimika kuondoka aliweka jiwe au tofali kwenye mstari limshikie zamu. Sisi wa Zanzibar hatukushangaa. Foleni na mgao tulikuwa tumeshaviona mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Basi fikiria mama anayetaka kupika mkate wa Iddi. Ngano hakuna. Alichopata ni unga wa mahindi ya njano kutoka nje, uliobatizwa unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya klabu ile. Hata mashabiki wa Simba, ambao klabu yao iko Mtaa wa Msimbazi papo hapo Kariakoo, waliula. Unga wa mahindi hauna ule mnato wa ngano unaoshika hewa ya hamira. Ukiukanda na kusubiri, unakaa tu kama udongo. Mpishi hodari kuliko wote angetoa mkate uliokaa kama tofali. Hamira nayo huenda imekaa dukani mpaka imekufa. Sukari ni vijiko vilivyohesabiwa. Ukipata unga uliokaa ghalani, unauchekecha kwanza kutoa wadudu. Na ukishamaliza kupika, sabuni ya kuoshea sufuria hakuna. Wengi waliosha vyombo kwa majivu, na nguo kwa majani ya mpapai.

Mwanamke wa namna hiyo ungemwambia hajui kupika? Alikuwa anapika kwa kuupima mchanganyiko upya kila siku, maana kila siku kilichopatikana kilikuwa kingine. Unga wa mahindi aliuchanganya na kiasi kidogo cha ngano. Mchele uliovunjika aliutwanga ukawa vitumbua. Muhogo ulichukua nafasi ya mkate asubuhi.

Tuje kwenye bustani. Uani mwa Kariakoo ni padogo, lakini wanawake walipanda kwenye makopo na madebe: rehani, mwasmini, mchaichai, pilipili. Rehani na mwasmini mnajua kazi yake. Bila hivyo biharusi hana kikuba, na chumba chake hakinukii. Mwaka 1974 serikali ilipotangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, wito ulikuwa kila mtu alime chakula, wa mjini naye. Watu wa mjini wakalima mchicha, muhogo na mahindi mabondeni, na Bonde la Msimbazi liko karibu na Kariakoo. Ni ardhi yenye maji, mboga inakua haraka, na masika yakizidi mto unafurika na kubeba tuta zima. Aliyepanda bondeni alikuwa anabahatisha, na alijua anabahatisha. Ndiyo maana wengi hawakuacha madebe yao ya uani: mto ukichukua mchicha, kiungo cha mchuzi bado kipo nyumbani.

Na matengenezo? Mwaka 1971 serikali ilitaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, zikawa chini ya Msajili wa Majumba. Nyumba za udongo za Kariakoo nyingi zilikuwa chini ya kiwango hicho, kwa hiyo zilibaki kwa wenyewe, pamoja na matatizo yake. Mwenye nyumba, hata akiwa mjane, alitakiwa akandike ukuta ulioporomoka wakati wa masika na azibe paa. Mabati mapya yalikuwa adimu kama sukari. Msaada ulikuwa Gerezani, mtaa wa pili, kwa mafundi bati. Kwa nyundo na mkasi walitengeneza majiko, ndoo na vibatari kutoka kwenye mapipa na makopo, na sufuria iliyotoboka waliitia kitako kipya. Lakini fundi anadai pesa, na pesa haikuwapo kila siku. Kwa hiyo mwanamke alijifunza mwenyewe kuziba tundu dogo kwa lami, kukaza mguu wa kitanda, kubadilisha utambi wa jiko la mafuta. Alijipiga nyundo kidoleni, akaziba tundu lisilovuja akaacha linalovuja, akarudia.

Katika miaka hiyo mshahara wa serikalini ulizidi kukosa thamani. Thamani halisi ya mshahara ilishuka kwa zaidi ya nusu tangu katikati ya miaka ya 1970 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Baba aliyekuwa na kazi ofisini alileta fedha isiyomaliza mwezi. Hapo ndipo ule uzoefu wa uani ukawa tegemeo la nyumba. Aliyejua kutoa mandazi laini kwa unga mbaya akauza mandazi. Aliyejua vitumbua akakaa mlangoni asubuhi na kikaango. Mwingine alipika keki, akafuga kuku, akashona. Mtafiti Mmarekani Aili Mari Tripp, aliyefanya kazi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980, aliandika kwa kirefu jinsi miradi midogo kama hii ilivyobeba familia za mjini ambazo mishahara imeshindwa kuzibeba.

Haikuwa salama. Mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na mwaka huo huo ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, iliyotaka kila mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Katika misako ya mjini wachuuzi wadogo nao walikamatwa. Mikono ile ile iliyokuwa inalisha watoto ilihesabiwa haina kazi. Hata hivyo biashara za uani hazikufa. Mwaka 1984 masharti ya kuingiza bidhaa yalianza kulegezwa. Hapa kwetu Zanzibar mwaka huo huo Rais alikuwa Ali Hassan Mwinyi, naye akafungua biashara. Novemba 1985 akahamia Magogoni kuwa Rais wa Muungano, na watu wakamwita Mzee Ruksa. Ngano ikarudi, sukari ikarudi, na wanawake waliokuwa wameshazoea kuuza wakawa tayari kuitumia nafasi.

Kwa nini tunawasimulia haya, maharusi wetu? Kwanza, ili mjue kwamba mkate ukiharibika, dawa ni kutafuta sababu: hamira, moto, unga au maji? Bibi zetu walitafuta sababu kila siku, na ndivyo walivyokuwa mafundi. Aliyelia na kuacha hakujifunza kitu.

Pili, fedha aliyoipata mwanamke yule kwa vitumbua vyake ilikuwa yake. Sura ya An-Nisaa, aya ya 32, inataja fungu la wanaume katika waliyoyachuma na fungu la wanawake katika waliyoyachuma. Wengi waliitoa nyumbani kwa hiari, na ni sadaka kubwa, lakini mume anapaswa kujua kwamba amepewa, ashukuru. Biharusi anayeanza kuuza keki leo aweke daftari lake tangu siku ya kwanza: unga kiasi gani, mkaa au gesi kiasi gani, faida kiasi gani.

Tatu, matengenezo ya nyumba si kazi ya mmoja. Bi Aisha, Mungu amridhie, alisimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, akiwa nyumbani alishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake. Mume akishika nyundo, au akikaa kupalia makaa juu ya sufuria, hajapungukiwa kitu.

Na mwisho tunawaomba jambo moja. Kabla ya harusi, nendeni mkakae na bibi, nyanya au shangazi aliyeishi miaka ile, awe wa Kariakoo, Ng'ambo au Pemba. Muulizeni alipika nini sukari ilipokosekana, na paa alilizibaje. Yaandikeni anayosema, pamoja na yale yaliyomharibikia. Wazee wetu wanaondoka, na mengi ya haya hayajaandikwa popote.

Wabillahi tawfiq.