Si kila sifa ya jogoo hupita kwa vifaranga

KATIKA mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, ambako baadhi ya wakazi hufuga kuku wa kienyeji katika vibanda vidogo kando ya nyumba zao, si ajabu mtu kumpenda jogoo kwa manyoya yake yasiyo ya kawaida na kumnunua kwa bei ya juu, akitumaini vifaranga watafanana naye. Wasipofanana, lawama humwangukia muuzaji.

Sifa nyingi za aina hiyo hurithiwa, lakini kila moja ina kanuni yake. Mnamo 1902, mwanasayansi William Bateson wa Uingereza alionyesha kuwa umbo la upanga wa kuku, ile nyama nyekundu ya kichwani, hurithiwa kwa utaratibu ule ule ambao Gregor Mendel aliugundua kwenye njegere.

Kuku wa kishingo ni mfano mwepesi. Aliyepata jeni ya shingo tupu kutoka kwa mzazi mmoja hubaki na kishada cha manyoya mbele ya shingo. Aliyeipata kwa wazazi wote wawili hukosa karibu manyoya yote ya shingoni. Wenye vishada wakipandishwa wao kwa wao, kwa wastani kati ya vifaranga wanne mmoja huwa na shingo tupu, wawili huwa na vishada, na mmoja ni wa kawaida.

Kidimu, ambaye manyoya yake hupinda kuelekea nje, hufuata kanuni hiyo hiyo, ila kwa hasara. Kifaranga aliyerithi jeni hiyo pande zote mbili huwa na manyoya dhaifu yanayokatika, hivyo huumia wakati wa baridi ya Julai. Ni heri kumpandisha kidimu na kuku wa kawaida. Takriban nusu ya vifaranga watakuwa vidimu.

Weupe nao huweza kujificha. Jogoo na tembe wenye rangi wanaweza kuangua kifaranga mweupe iwapo wote wawili wamebeba jeni hiyo bila kuionyesha. Hapo muuzaji hana hatia.

Kuna pia sifa zinazofuata jinsia. Jogoo mweusi asiye na mistari akipanda tembe mwenye mistari myeusi na myeupe, vifaranga wa kiume pekee ndio hupata mistari, nao hutambulika wakianguliwa kwa doa jeupe kichwani.

Hata hivyo, shingo iliyonyonyoka kwa sababu ya utitiri au kudonoana hairithiwi. Mnunuzi achunguze ngozi kabla ya kulipa.

Hatari kubwa zaidi ni kumwacha jogoo mmoja apande binti zake ili kudumisha sifa fulani. Uzao wa ndugu hupunguza uanguaji na kuongeza vifo vya vifaranga. Wafugaji hushauriwa kubadilishana majogoo na wenzao wa mbali, na kukumbuka kuwa uzuri wa manyoya hauongezi idadi ya mayai.