Mbege ya mgombea: ukarimu au rushwa? Sheria ya fedha za kampeni kwa lugha nyepesi

Msimu wa uchaguzi ukikaribia, vilabu vya mbege hujaa mapema kuliko kawaida. Kuanzia Marangu hadi Machame swali huwa lile lile: mgombea akiwanunulia watu pombe, huo ni ukarimu au ni rushwa? Katika makala hii tunaeleza sheria inasemaje, imetoka wapi, na wapi bado inavuja.

Takrima ilikuwa nini?

Mwaka 2000 Bunge lilibadili Sheria ya Uchaguzi na kuruhusu takrima. Jambo lililofanywa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa kimila, halikuhesabiwa kuwa rushwa. Kwetu Uchagani, ambako mgeni haondoki na koo kavu, wengi hawakuona ubaya. Lakini nani angeweza kuonyesha ukarimu unaishia wapi na kununua kura kunaanzia wapi?

Mashirika matatu, LHRC, LEAT na NOLA, yalifungua kesi Mahakama Kuu. Aprili 2006 mahakama iliamua kwamba vipengele vya takrima vinakwenda kinyume cha Katiba. Vilimpa nafasi mgombea mwenye fedha na kumbagua asiye nazo.

Sheria ya 2010 ilileta nini?

Tarehe 17 Machi 2010 Rais Jakaya Kikwete alisaini Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Msimamizi wake mkuu ni Msajili wa Vyama vya Siasa. Mambo makubwa yaliyomo ni haya:

- Waziri huweka kiwango cha juu cha matumizi. Huangalia ukubwa wa jimbo, idadi ya watu na hali ya mawasiliano.
- Vyama hutakiwa kutaja michango mikubwa. Sheria ilipotungwa, ilitaja mchango unaozidi shilingi milioni moja kutoka kwa mtu mmoja, au milioni mbili kutoka kwa taasisi.
- Zawadi za kushawishi wapiga kura zimekatazwa, na katazo hilo linaanzia kwenye kura za maoni ndani ya chama.
- Baada ya uchaguzi, chama hupeleka kwa Msajili hesabu za mapato na matumizi.

Sheria hii iliguswa tena na marekebisho ya mwaka 2024, yaliyopitishwa pamoja na sheria mpya za uchaguzi.

Wengine wamefikia wapi?

Marekani ilichukua njia nyingine mwaka ule ule. Januari 2010 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya Citizens United, iliamua kwamba serikali haiwezi kuzuia makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia fedha zao wenyewe kwenye kampeni, ilimradi hawazikabidhi kwa mgombea. Mahakama iliona kutumia fedha hizo ni sehemu ya uhuru wa kusema. Tangu hapo wanaotaka mageuzi wanasukuma mambo mawili: wachangiaji watajwe, na Katiba ibadilishwe. La pili ni gumu, kwa sababu linahitaji kuridhiwa na robo tatu ya majimbo yote.

Jirani zetu wa ng'ambo ya Holili nao wana sheria tangu 2013, lakini utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Mwaka 2021 tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza viwango vya matumizi kwa uchaguzi wa 2022. Bunge la Taifa la Kenya likazikataa kanuni hizo.

Yetu inavuja wapi?

Kwanza, hesabu huja baada ya kura. Hata pale mgombea anapotakiwa kueleza mapema fedha alizonazo, huvieleza chama na ofisi husika, si mkutano wa kijiji. Unapiga kura bila kujua nani amemlipia mafuta ya gari.

Pili, zawadi hutolewa gizani, na aliyepokea huogopa kusema. Ana sababu: Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamgusa mtoaji na mpokeaji pia.

Tatu, kiwango cha juu hakimsaidii asiye na kitu. Mama mwenye akili na moyo wa uongozi, anayeishi kwa ndizi na kahawa chache, bado anahitaji gari, spika na mabango. Hapo ndipo mwenye fedha nyingi humkuta na kumnunua hata kabla hajachaguliwa.

Hivyo sheria tunayo. Kinachohitajika sasa ni hesabu zitoke kabla ya siku ya kura, kwa lugha tunayoielewa, na ushahidi upatikane.

Wewe ufanye nini?

Piga hesabu kwanza. Noti ya shilingi elfu kumi, ukiigawa kwa siku za miaka mitano, haifiki shilingi sita kwa siku. Mfereji ukikauka au barabara ikikatika masika, utamwendea nani, na atakujibu nini wakati alishakulipa?

Kwenye mkutano wa kampeni, uliza mbele ya watu: fedha za kampeni hii zimetoka kwa nani? Swali hilo halikatazwi na sheria.

Ukiona fedha au zawadi zinagawiwa, kumbuka siku, saa na mahali, kisha piga TAKUKURU namba 113. Simu hiyo ni bure.