Msimbopau

Msimbopau ni ile mistari myeusi kwenye pakiti ya majani ya chai, inayosomwa na mashine ya dukani. Tangu mwaka 2003, Paul Hebert na wenzake wa Kanada walipopendekeza kutambua viumbe kwa kipande kifupi cha vinasaba, neno hilo limehamia maabara. Kwa mimea, mwaka 2009 wataalamu walipendekeza jeni mbili za kloroplasti: rbcL na matK. Njia hii husaidia, kwa mfano, katika kesi ya magendo: unga wa mti wa msandali uliokamatwa hauna jani wala ua la kuutambulisha. Vinasaba vyake, visipoharibika, vyaweza kutaja jenasi, pengine hata spishi. Mahakamani tuseme kwa ukamilifu, "msimbopau wa vinasaba", ili shahidi, hakimu na mshtakiwa waelewane.