Kesho Iliyotabiriwa Getembe

Anayetoka Migori hupita Suneka, na muda si mrefu anaingia mji wa Kisii, ambao wenyeji wanauita Getembe. Masimulizi ya Abagusii yanadai kuwa mji huo ulionekana kabla ya kujengwa. Mwishoni mwa karne ya 19, mtabiri Sakawa alizunguka hapo palipokuwa pori, akionyesha hospitali itakaa wapi na askari watakaa wapi. Wageni weupe watakuja, akasema, na vijana watapokonywa mikuki.

Waingereza walifungua kituo chao hapo mwaka 1907.

Januari 1908 kijana Otenyo, akihimizwa na Moraa, naye mtabiri, alimchoma mkuki afisa Geoffry Northcote. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Waliolipia mkuki huo ni wanavijiji, waliochomewa nyumba na kunyang'anywa ng'ombe.

Mwaka 1913 Onyango Dunde wa Alego alitangaza kuwa joka la Ziwa Victoria, Mumbo, lilimmeza na kumtema akiwa na ujumbe: Wazungu watatoweka. Imani hiyo ilienea hadi Gusii. Septemba 1914 Wajerumani wakauvamia Kisii, maafisa wa Kiingereza wakaondoka, na wenyeji wakaingia mjini kupora. Kwa siku chache tu, utabiri wa Mumbo ulionekana kutimia. Waingereza waliporudi, walirudi na adhabu.

Ni rahisi kudhani hadithi za kesho chungu kwa vijana zilianza na riwaya The Hunger Games ya Suzanne Collins (2008). Lakini Panem, nchi ya riwaya hiyo, ni ya kubuni. Kesho ya Sakawa ilikuwa na mahali pake, na msikilizaji angeweza kwenda kupatazama.

Waandishi wa Kiswahili nao walishika njia ya mafumbo. Fortunatus Kawegere alitafsiri Shamba la Wanyama ya George Orwell mwaka 1967. Katama Mkangi, aliyewekwa kizuizini bila kushtakiwa miaka ya 1980, alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Humo, Dzombo aliyehukumiwa kifo anajikuta katika sayari yenye haki, na kila jema analoliona huko linaisuta dunia aliyotoka. Katika Bina-Adamu! (2002), Kyallo Wadi Wamitila anamchukua Peter Pan, yule mtoto asiyetaka kukua, na kumfanya nguvu inayoharibu ulimwengu. Huo, kwa maoni yangu, ndio ubunifu mkali kuliko wote: msomaji kijana anakutana na rafiki wa utotoni akiwa adui.

Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, haifumbi sana. Vita vya maji vimekwisha, watu wamejifungia ndani, mkojo na jasho vinasafishwa vinywewe tena, na umeme unatoka kwa watu wanaofanya mazoezi kwenye mashine. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo usio na jina la mtumaji. Anaunusa, anaota mti, na mtambo unamwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto.

Kwa mkazi wa Suneka, anayenyeshewa karibu mwaka mzima, ukame huo unaweza kuonekana wa mbali. Lakini mikaratusi iliyopandwa mabondeni Gusii, ili iuzwe kama nguzo na kuni, inanyonya chemchemi, na mjadala wa kuing'oa kandokando ya mito umewagawa wakulima na maafisa wa serikali.