MIZANI YA PAMBA: KIBLA KIKIGEUKA, NA SAFU IGEUKE



Ndugu yangu, wengi wenu mko kwenye kamati za misikiti, madrasa na vikundi vya kuweka na kukopa. Swali linalojirudia ni hili: uongozi wa juu umebadilisha mwelekeo, na sisi tuna mradi tuliouanza zamani. Tuendelee nao vilevile, tuugeuze, au tuuache? Leo sitakujibu kwa nadharia. Nakuletea historia ya zao letu hapa Ngulyati na Bariadi yote, na Usukumani kwa jumla: pamba.

Miaka ya mwanzo ya 1950 mkulima wa Kanda ya Ziwa alikuwa na kilio kimoja, nacho ni mizani. Alibeba pamba yake hadi kwa mnunuzi, akaambiwa uzito asioweza kuuhakikisha. Wakulima wakaunda vikundi, wakaweka watu wao wa kupima pamba kabla haijafika kwa mnunuzi. Hapo ndipo mradi ulipoanzia: mkulima ajue kilo zake, alipwe haki yake. Vikundi vikakua vikawa vyama, na mwaka 1955 vyama vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake wakuu. Kufikia uhuru lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika barani Afrika, likiwa na viwanda vyake vya kuchambua pamba.

Sasa angalia mwelekeo unavyobadilika. Baada ya 1961 serikali iliutaka ushirika ubebe maendeleo ya nchi nzima. Nia hiyo ilikuwa na maana yake, nchi ilikuwa changa. Lakini ushirika ukawa njia pekee ya kuuzia, watumishi wakaongezeka, makato yakaongezeka, na mkulima akaanza kuuliza fedha yake inaishia wapi. Malalamiko yakawa mengi mpaka mwaka 1966 ikaundwa tume ya kuchunguza vyama vya ushirika. Mizani iliyowekwa kumlinda mkulima sasa ilikuwa inalisha ofisi.

Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, kisha vijiji vya ujamaa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Kijiji chenyewe kikahesabiwa kuwa chama, na pamba ikanunuliwa na mamlaka ya zao. Mkulima akaonja malipo ya kuchelewa. Mwaka 1982 ikapitishwa sheria ya kuvirudisha vyama. Vikarudi, ila vingi vilirudi na majengo na madeni kuliko imani ya wanachama.

Mwaka 1994 soko likafunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia. Ushindani ulileta fedha taslimu, lakini pia ukaleta pamba iliyotiwa maji na mchanga ili izidi uzito. Unaona? Kilio kilianza kwa mnunuzi kumpunja mkulima, kikafika mahali mkulima naye anampunja mnunuzi. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya watu wa namna hii, wa pande zote mbili. Mwaka 2018 pamba ikarudishwa kuuzwa kupitia AMCOS, yaani karibu pale ilipoanzia.

Katika miaka hiyo yote, mwelekeo wa juu uligeuka mara nyingi. Kugeuka siyo kosa, hali za watu hubadilika. Kosa lilikuwa kwamba kila ulipogeuka, hakuna aliyerudi kwa mkulima kuuliza: mizani hii sasa inamtumikia nani?

Linganisha na watu wa Quba. Walikuwa ndani ya sala ya alfajiri wakielekea Baytul Maqdis. Akaja mtu akawaarifu kwamba kibla kimegeuzwa kuelekea Al-Kaaba. Hawakuikatisha sala, wala hawakubaki walikokuwa wameelekea kwa hoja kwamba wameshaanza. Waligeuka wakiwa ndani ya sala. Mwelekeo ulibadilika, anayeabudiwa hakubadilika.

Basi wewe mwenye mradi, fanya haya:

1. Andika lengo tangu siku ya kwanza, kwa sentensi moja anayoielewa hata bibi aliyechangia kuku wake. Ushirika ulikuwa nayo: mkulima ajue kilo zake.

2. Kila mwaka kaeni, mwelekeo mpya wa taasisi upande huu, mradi upande huu. Kinachokubaliana kiendelee. Kinachoweza kugeuzwa kigeuzwe mapema, msingi ukiwa bado chini. Kilichopoteza maana kisimamishwe, hata kama kimekula fedha. Tofali lililokwisha kujengwa si hoja ya kuongeza jingine.

3. Wahusisheni waliochangia. Fedha iliyotolewa kwa ajili ya kisima ni amana ya kisima. Uongozi ukiamua kwamba sasa kipaumbele ni zahanati, mrudieni mtoaji mumuulize. Na kama ni wakfu, sharti la aliyeuweka linaheshimiwa, waulizeni wanazuoni kabla hamjagusa kitu.

4. Ukiona mwelekeo mpya unalivunja lengo lenyewe, sema kwenye kikao, kwa adabu na kwa hesabu mkononi. Wakulima walinung'unika njiani wakirudi kutoka kituoni, na manung'uniko ya njiani hayaingii kwenye muhtasari.

Msimu wa pamba ukifunguliwa, wengi wenu mtakuwa mbele ya mizani: karani, mwanakamati au mkulima. Kabla ya kusoma kilo, jiulize mizani hiyo iliwekwa kwa ajili ya nani.

Allah atujaalie kuwa waaminifu katika vipimo vyetu na katika amana za watu. Aamin.

Mtumie mwenzako aliye kwenye kamati.